Aliyoyaona Anisia

Coletha alikataa kuandikisha maelezo, lakini alikataa kwa heshima zote. Aliwakaribisha Inspekta Pantaleo Masunzu na Koplo Bujiku wa kituo cha Ushirombo ndani, akawanawisha mikono, akawawekea viazi vitamu na maziwa ya mgando. Walipomaliza kula alikaa mkekani, akavuta khanga juu ya magoti, akasema mume wake hajapotea.

"Shemeji Valerian ndiye aliyekuja kwenu Shinyanga," alisema. "Ni kaka mtu, ana haki ya kuhangaika. Lakini mimi sikumtuma, afande. Clemens yupo Buseresere. Anatafuta maisha, akipata atarudi."

"Amekuletea barua?"

"Hapana."

"Kuna mtu katoka huko na salamu zake?"

"Hapana."

"Basi umejuaje kama yupo?"

"Anisia kamwona."

Alilitaja jina hilo kama mtu anavyosema kwamba jambo limetangazwa redioni. Pantaleo akamtazama Bujiku. Bujiku akaangalia kikombe chake.

Njia nzima kutoka Ushirombo, Landrova ikirukaruka kwenye makorongo yaliyoachwa na masika, Bujiku alikuwa akimsimulia habari za Anisia. Mumewe, Gregory, alikwenda vitani Kagera. Vita vikaisha, wenzake wakarudi, yeye hakurudi, wala haikuja taarifa kwamba amekufa. Anisia akawa mtu wa rozari asubuhi na jioni. Siku moja, katikati ya sala, akamwona Gregory amekaa kando ya maji, mzima kabisa. Tangu hapo wanawake wa Ibambala wenye waume waliokwenda mbali wakaanza kumfuata, naye akawa anawaona waume wa wenzake pia. Padre alikataza jambo hilo lisitangazwe kanisani. Halikuhitaji kutangazwa. Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, kila kitu kilikuwa adimu, sabuni, sukari, mafuta ya taa, na habari za mtu aliye mbali zilikuwa adimu kuliko vyote.

Wanaume watatu walikuwa wametoweka pamoja: Clemens, Athanas, na kijana wa Kisumbwa aliyeitwa Sikujua, ambaye ndoa yake haikuwa imemaliza mwaka. Wote walichimba duara moja, yaani shimo la dhahabu, katika machimbo ya Nyamtondo. Wake zao, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wamempa Pantaleo jibu lile lile. Anisia kamwona.

"Alimwonaje?" Pantaleo aliuliza.

Uso wa Coletha ukachangamka, kwa mara ya kwanza tangu wageni waingie. "Kavaa sweta lake la bluu. Kwenye kiwiko cha kulia pana kiraka, kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Sasa, afande, nikuambie kwa nini mimi sina shaka. Kiraka hicho nilikishona mwenyewe, humu ndani, Kwaresima ilipokaribia, maana alilalamika kwamba chini ya duara kuna maji na baridi. Uzi wa bluu haupatikani madukani, mweupe haupatikani. Nikafumua uzi wa shali aliyobatiziwa mwanangu Klara. Nikalitia sweta kwenye kigunia, nikashona mdomo, nikampa Mwalimu Ansgar, katekista wetu, ampelekee. Hakuna aliyeliona. Hata Klara alikuwa amelala. Anisia angejuaje habari za uzi mwekundu?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote aliyokuwa nayo Pantaleo kwenye jalada lake. Alimshukuru, akasimama.

Coletha aliwasindikiza hadi barabarani. Landrova ilipokwisha kuwaka alisogea dirishani.

"Afande, mkifika Buseresere mkamkuta, mwambieni Klara sasa anaandika jina lake lote. Herufi zinapinda kidogo, lakini linasomeka."

"Nitamwambia, Mama Klara," alijibu Pantaleo, na gari lilipoondoka hakumtazama Bujiku.

*

Mwenye duara, Mzee Apolinari Ndaki, aliwapokea Nyamtondo kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mrefu mwenye mvi safi, mwenyekiti wa kigango, kanisa dogo la kijijini, rozari ya mbao shingoni. Mabati ya banda ambamo Anisia aliwapokea watu alikuwa ameyatoa yeye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia mnawatafuta vijana wangu."

"Waliondoka lini?"

"Jumapili, kabla ya Kwaresima kuanza. Walikuja kuniaga. Walisema Buseresere umeonekana mwamba mpya. Vijana ni vijana, wakisikia mwamba mpya huwezi kuwazuia."

"Jumapili una hakika?"

"Nilitoka nao kanisani, mwanangu. Jumatano ya Majivu hawakuwapo tena hapa."

Pantaleo alitaka kuliona duara lao. Mzee akampeleka bila kusita. Hapakuwa na duara. Palikuwa na kifusi kilichosawazishwa vizuri, nyasi zimeanza kuota juu yake.

"Mvua iliingia, likawa hatari," alisema Mzee Apolinari. "Nikalifukia, watoto wasije wakatumbukia."

Pantaleo akageuka, akatembea polepole kuzunguka eneo lote. Mashimo yaliyoachwa yalikuwa mengi, yamejaa maji ya kijani, na midomo yake haikuwa imezibwa hata kwa tawi la mwiba. Kati ya mashimo yote hayo, mzee alikuwa ameonea watoto huruma kwenye moja tu.

Hatua chache kutoka kwenye kifusi palikuwa na duara jipya. Alichungulia. Matimba yaliyozuia kuta, yale magogo ya kushikilia udongo usianguke, hayakuwa mapya. Yalikuwa yamepauka, na kila gogo lilikuwa na alama ya tope la zamani katikati, ilhali ukuta wa duara hilo ulikuwa mkavu.

"Magogo yametoka wapi?"

"Niliyanunua kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Wapita njia, mwanangu. Nani anakumbuka?"

Waliporudi garini Bujiku alikuwa na wazo lake tayari. "Ni Ansgar, afande. Sweta lilipita mikononi mwake. Alilifungua, akaona uzi, akamnong'oneza Anisia. Yule katekista hana raha siku hizi. Ukimtaja Anisia mbele yake anatoka jasho."

"Kwa nini amnong'oneze?"

"Hilo sijui. Lakini jasho nimeliona."

*

Na kweli Ansgar alitoka jasho. Walimkuta nje ya kigango akiziba pancha ya baiskeli, na aliposikia jina la Anisia akainuka ghafla, gundi ikamwagika kwenye suruali.

"Mwalimu," alisema Pantaleo, "huwa unakwenda kwake?"

"Padre amekataza."

"Sikukuuliza Padre amesema nini."

Ansgar alikaa chini. "Nilikwenda mara mbili. Nina mtoto Dar es Salaam, mtoto wangu wa kwanza. Tangu aende hajaleta hata neno. Mama yake hali vizuri. Nikasema nikasikilize tu. Padre akijua atanivua ukatekista, afande, na mimi nitasema amefanya haki."

"Ulimwambia nini Anisia kuhusu sweta la Clemens?"

"Sweta gani?"

"Ulilompelekea machimboni."

"Kumbe lilikuwa sweta?" Mshangao wake ulikuwa wa kweli, Pantaleo aliuona. "Mama Klara alinipa kigunia kimeshonwa mdomo. Nilimkabidhi Clemens vile vile. Nilipoondoka ndipo alikuwa anatafuta wembe wa kukatia nyuzi."

"Palikuwa na nani?"

"Mzee Apolinari alikuwa amesimama naye. Wengine walikuwa wamekwisha kupakwa majivu na kurudi kwenye mahema yao."

Pantaleo akaacha kuandika. "Kupakwa majivu?"

"Ndiyo, afande. Padre hafiki kule, kwa hiyo mimi huwapelekea majivu. Ilikuwa Jumatano ya Majivu. Clemens alipanda kutoka duarani akiwa na wale wenzake wawili, wakapiga magoti, nikawapaka, nikampa kigunia chake. Walisema wanarudi chini kumalizia kazi. Nilirudi Ibambala kwa baiskeli."

Bujiku alifungua kinywa. Pantaleo akamwashiria anyamaze.

"Mwalimu, haya uliyoniambia usimwambie mtu mpaka nikuruhusu. Na ya mtoto wako hayanihusu."

*

Bado lilibaki swali la Coletha. Mzee Apolinari alikuwa ameuona uzi mwekundu, hilo sasa lilikuwa wazi. Lakini uzi huo ulifikaje kwenye macho ya Anisia?

Banda lake lilikuwa kando ya shamba la mihogo, safi, limefagiliwa. Anisia mwenyewe alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, na sauti yake ilikuwa ya chini hivi kwamba ilibidi mtu asogee. Pantaleo alikuwa amejiandaa kukutana na tapeli. Alitafuta dalili zote alizozijua, saa mpya, redio, watu wa kupokea zawadi mlangoni. Hakukuta kitu. Kwenye kona palikuwa na jozi moja ya viatu vya kiume, vimepakwa rangi, vinang'aa.

"Nani huwa anakuambia habari za hawa watu?" alimwuliza.

"Hakuna anayeniambia, baba. Hapa hatusimulii habari za watu. Hapa tunasali tu. Jumamosi nikifumba macho, nawaona."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa jioni tunajiandaa. Anayetaka kusali nami anakuja."

"Nani huja?"

"Wengi huja na kuacha. Asiyekosa ni Mzee Apolinari. Yule mzee anajua kusali, baba." Anisia alitabasamu kidogo. "Wengine wanasema tu, Bwana, walinde wasafiri. Yeye anamtaja mtu mmoja mmoja, alivyo, na alivyovaa, na mahali alipo, kama vile Mungu amewasahau sura anamkumbusha. Ukimsikiliza huwezi kuzuia machozi."

Nje, kuku walikuwa wanaparua majani.

"Naweza kuja Ijumaa kusali nawe?" aliuliza Pantaleo.

"Una mtu wako wa mbali?"

"Ninaye."

Ijumaa, jua likiwa limeanza kupungua makali, alipiga magoti bandani pamoja na wanawake wanne; Mzee Apolinari, asiyekosa, siku hiyo hakuonekana. Zamu yake ilipofika alisali kwa sauti, na Bujiku, aliyekuwa mlangoni, alishangaa kusikia sauti ya afande wake ikipata kwikwi. Alimwombea mdogo wake, Donatus. Alimkumbusha Mungu kwamba Donatus ana pengo la jino la mbele, na kovu la jembe kwenye mguu wa kushoto, na kwamba hupiga mluzi akitembea, mluzi unaomtangulia mpaka ng'ombe wanainua vichwa. Alimwomba Mungu amwangalie huko Buseresere.

Jumamosi Anisia alifumba macho. Aliwaona watu wawili wa wengine kwanza. Kisha akageuza uso upande wa Pantaleo.

"Ndugu yako namwona. Anatembea kwenye barabara ya Buseresere. Ana pengo hapa mbele. Anachechemea kidogo, mguu wa kushoto. Anapiga mluzi. Kavaa kofia ya majani."

Donatus alikuwa amekufa kwa homa mwaka wa sabini na sita, na Pantaleo ndiye aliyemshusha kaburini, kijijini kwao Samuye, kwa mikono yake. Maisha yake yote Donatus hakuwahi kuvaa kofia. Hata hivyo Pantaleo alijikuta akitamani mwanamke yule aendelee. Alitaka kujua kofia ilikuwa mpya au kuukuu, na barabara ile Donatus alikuwa anaelekea upande gani.

Alisubiri mpaka watu wote wakaondoka. Ndipo akamwambia.

Anisia alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Hakulia, hakubisha. Aliuliza tu, "Kwa hiyo ninachokiona ni kile nilichokisikia?"

"Ndivyo inavyoonekana, mama. Hukumdanganya mtu. Umedanganywa wewe."

"Na Clemens?"

"Kesho nitajua."

Akaviangalia vile viatu kwenye kona.

"Gregory wangu nilimwona kando ya maji," alisema. "Mara nyingi nimemwona. Na wakati huo Mzee Apolinari alikuwa hajaanza kuja hapa." Akasita. "Aliyekuwa anamwombea kwa sauti ni mimi mwenyewe. Nilikuwa namwomba Mungu amweke mahali penye maji."

Sheria aliyoijua Pantaleo haikuwa na kifungu cha jambo hilo.

*

Asubuhi ya Jumapili wachimbaji wengi walikuwa wamekaa nje ya mahema, wanakunywa uji. Pantaleo alimkuta Mzee Apolinari katikati yao, akiwaongoza sala. Alivua kofia, akasubiri mpaka waseme amina.

"Mzee, nisaidie jambo moja. Sweta la Clemens lilikuwa na kiraka. Kilishonwa kwa uzi wa rangi gani?"

"Mwekundu," alijibu mzee upesi. "Kila mtu anajua. Anisia alimwona nalo."

"Anisia alikusikia wewe ukilitaja kwenye sala. Wewe uliliona wapi?"

"Si alikuwa analivaa hapa siku zote?"

"Lilimfikia siku ya Majivu, mchana. Limeshonewa ndani ya gunia. Aliyelileta yupo, ni Mwalimu Ansgar. Wewe umeniambia Jumatano ya Majivu Clemens alikuwa ameshaondoka tangu Jumapili."

Vikombe vikatulia. Mzee Apolinari alishika rozari yake, akaiachia.

"Labda nimechanganya siku," alisema.

"Labda. Na matimba ya duara hili jipya, yenye tope la duara lingine, uliyatoa lini? Kabla hawajashuka, au wakiwa chini?"

Hakuna aliyetoa amri. Mchimbaji mmoja, mtu wa makamo, aliweka kikombe chini, akachukua sululu, akaenda kwenye kile kifusi chenye nyasi, akaanza kupiga. Wa pili akafuata na beleshi. Baada ya muda mfupi kambi nzima ilikuwa pale, na sauti ya vyuma kwenye udongo ikawa moja.

Mzee Apolinari aliangalia migongo yao. "Magogo yako mbali siku hizi," alisema, kama anayejieleza kwa mtu wa familia. "Nilitoa machache tu, ya juu. Sikujua kama yatashuka yote."

"Kisha?"

"Niliita. Niliita mpaka sauti ikakauka."

"Ukaita watu?"

Mzee alishika tena rozari yake.

"Walikuwa karibu, mzee. Kwenye mahema yao, majivu yapo kwenye vipaji vya nyuso. Uliwaita?"

"Wangeniua," alisema Mzee Apolinari. "Halafu serikali ingefunga machimbo yote. Nikasema, angalau wake zao wasilie. Wale wanawake walikuwa wanalala usingizi, afande. Mimi niliwaombea wapate usingizi."

Bujiku akamfunga pingu. Alizikaza kuliko ilivyohitajika, maana mke wake naye alikuwa mmoja wa waliokuwa wakienda kwa Anisia.

Habari ilifika Ibambala upesi. Mchana, walipomtoa wa tatu, wanawake walikuwa wameshafika, na kilio chao, *mayu wane, mayu wane*, mama yangu, kilisikika hadi msituni. Miili ililazwa kwenye turubai, imefunikwa kwa majani. Coletha alifunua upande mmoja, akaangalia, akafunika. Alikaa chini pale pale udongoni. Hakulia. Mke wa Sikujua, binti mdogo kabisa, alikuwa ameshikwa na watu wawili.

Ndipo Anisia akatokea kwenye njia ya miguu. Alikuwa ametembea njia nzima, peke yake, vumbi hadi magotini. Kilio kikapungua, kikawa manung'uniko. Mke wa Athanas aliinuka na bonge la udongo mkononi.

"Umekuja kuona nini tena?" alimpigia kelele. "Huyu hapa! Mwone!"

Anisia alisimama pale alipofikia. Hakujikinga. Bonge lilimpiga begani, likapasuka, na mke wa Athanas akakaa chini, akafunika uso kwa viganja. Pantaleo alikuwa ameshapiga hatua mbili kwenda kuwaamua, lakini Coletha alikuwa amewahi. Alisogea pembeni kwenye udongo, akatengeneza nafasi.

"Kaa hapa," alisema.

Anisia akakaa.

"Mama Klara," Anisia alianza, "mimi sikumwona. Nilisikia tu, nikadhani nimeona. Nisamehe."

"Wameshanieleza."

"Sitafanya tena."

"Leo fanya." Coletha alikuwa anaangalia mbele, kwenye turubai. "Sikuambii useme yupo. Niambie tu alivyokuwa, vile ulivyokuwa ukinisimulia. Alivyokuwa amesimama. Alivyogeuka."

Anisia alimtazama Pantaleo, kama anayeomba ruhusa ya polisi, kisha akaacha kumtazama. Akaanza kusimulia, kwa ile sauti yake ya chini. Mke wa Sikujua akawaponyoka waliomshika, akaja kukaa karibu ili asikie.

Bujiku alikuwa ameshampakia mzee nyuma ya Landrova, na safari ya kumpeleka mahabusu Kahama ilikuwa ndefu. Akawasha injini.

"Zima," alisema Pantaleo.